Msumari wa Choo cha Walimu

Robert Kiplimo alikuwa na filimbi tatu, suti mbili za michezo na saa ya kupimia mbio, na sijawahi kumwona akifundisha. Kipindi cha PE, yaani cha michezo, kilipofika alitoa kiti katika ofisi ya walimu, akakiweka barazani, akapuliza filimbi. Wavulana walitupiwa mpira mmoja wapigane nao wenyewe. Wasichana wa madarasa ya juu walitumwa kwenye shamba la chai la shule, vikapu mgongoni, wakachume. Cheptoo wa darasa la tatu, ambaye polio ilimwachia mguu mmoja mwembamba kama mpini wa jembe, alikuwa na kazi yake maalumu ya kulinda masweta ya wenzake. Kipindi kikiisha Robert alipuliza filimbi tena, akarudisha kiti.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule hiyo, shule ya msingi iliyo mlimani kati ya Sotik na Ndanai. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha chai, na kabla ya ukarani nilikuwa mchuma majani asiyejua kuandika jina lake. Kilichonitoa shambani ni masomo ya ngumbaru. Tulikaa watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, tukifundishwa kwa taa ya karabai na mwalimu mwenye kikohozi. Nilijifunza Kiswahili, kisha hesabu, kisha Kiingereza, na tangu wakati huo sijamvumilia mtu anayeshika karatasi asiisome.

"Mwalimu," nilimwuliza Robert siku moja pale barazani, "hawa watoto unawafundisha nini?"

"Chairman, hawa ni Wakipsigis. Mtoto wetu atafundishwa kukimbia na nani? Amezaliwa nayo."

"Na kudaka mpira amezaliwa nayo?"

"Hiyo si mchezo yetu."

"Na huyu anayelinda masweta?"

Alimtazama Cheptoo kama mtu anayetazama mvua inayonyesha kwa jirani. "Huyo namhurumia," akasema.

Huo ndio ugonjwa wetu huku. Dunia imetusifu miguu kwa muda mrefu mpaka watu kama Robert wakadhani kichwa kiliwekwa juu kwa ajili ya kofia. Mtu alipelekwa chuo cha ualimu kwa kodi ya watu, akapewa cheti cha kufundisha mwili wa mtoto, na alipotoka huko alijua neno moja tu, nalo ni "kimbia".

Mwaka wa 1999 ikafunguliwa ofisi ya kompyuta mjini Kericho, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Robert alianza kwenda huko kila Jumamosi na kurudi akiwa amebadilisha namna ya kutembea. Alisema yumo katika kundi la walimu wa PE wa dunia nzima. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Kipkorir, mtu aliyeogopa kila kitu chenye waya, alianza kumwita "Profesa". Mimi sikuwa na wivu, nilikuwa na hamu ya kujua. Nikavaa koti langu la kanisani, nikamwambia Robert anipeleke nikaone.

Ofisi ile iliendeshwa na msichana hodari aitwaye Akeyo. Yeye ndiye aliyenieleza, maana Robert hakujua kueleza. Alisema kuna walimu mia kadhaa, kila mmoja nchini mwake, waliojiandikisha pamoja. Mmoja akiandika barua kwa kompyuta, wote wanaipata. Mwenye jibu anajibu, na jibu lenyewe linaonwa na wote.

"Kama baraza," nikasema.

"Kama baraza, mzee, lakini hakuna anayelala."

Niliinama mbele ya kioo. Mwalimu wa Australia alikuwa anauliza: nina mtoto anayeogopa mpira, akiuona anafumba macho, nifanyeje? Chini yake mwalimu wa Ireland alimjibu aanze na kitambaa kilichofungwa fundo, kisha soksi iliyojazwa, kisha mpira laini, na asimrushie mtoto usoni kamwe. Mwingine wa Brazil aliongeza lake. Mwingine akawapinga wote wawili kwa adabu. Nilisimama pale nikasahau maumivu ya magoti. Nilikuwa nimeiona ngumbaru tena, ila darasa hili lilikuwa na dunia nzima ndani, na mwalimu hakuwa na kikohozi.

"Hizo ni stori zao," Robert akasema. "Ngoja uone yangu."

Akeyo akaifungua barua ya Robert. Ilikuwa na kichwa cha herufi kubwa: Mbinu ya Kericho. Robert alikuwa amewaandikia walimu wa dunia kwamba katika shule yake watoto hukimbia milimani wakiwa na vikapu vya majani ya chai mgongoni, kwamba zoezi hilo hujenga pumzi na uvumilivu, na kwamba yeye mwenyewe aliligundua baada ya utafiti wa miaka mingi.

"Hiyo ni kuchuma chai," nikamwambia.

"Chairman, ni namna ya kuandika."

"Na Kericho imetoka wapi? Sisi ni watu wa Ndanai."

"Ndanai nani anaijua? Haiko kwa pakiti ya majani kama Kericho."

Chini ya barua yake yalijaa majibu ya sifa. Walimu wenye akili zao, waliouliza maswali ya maana kuhusu kitambaa na soksi, walikuwa wamemwamini. Sikuwalaumu. Mtu mkweli hudhani kila anayesimama barazani naye ni mkweli. Robert alikuwa anatabasamu mbele ya kioo kile kama bwana harusi mbele ya mpiga picha.

"Print zote," akamwambia Akeyo.

"Hizi zingine si zako, ni za wenzako wanaulizana. Hutasoma kwanza?"

"Print tu."

Akeyo alinitazama. Mimi nikatazama dirisha.

Kila Jumatatu basi, karatasi mpya zilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya walimu, ili kila anayekuja kunywa chai aone jina la Robert limeandikwa na mashine ya ng'ambo. Za wiki iliyopita zilishushwa. Robert alizikata katikati kwa rula, nadhifu kabisa, kazi pekee niliyowahi kumwona akiifanya kwa uangalifu, kisha akazitundika kwenye msumari wa choo cha walimu.

Nilikuwa naingia choo hicho siku za mikutano ya kamati. Mtu aliyesoma kwa taabu hawezi kuyatumia maandishi vile kabla hajayasoma, na pengine hata baada ya kuyasoma. Siku moja nilikuta pale barua ndefu ya mwalimu mmoja mwanamke wa Kanada, Bi Audrey, akieleza mchezo aliouita daraja. Alisema aliubuni kwa ajili ya mtoto mmoja wa shule yake aliyetembea kwa magongo. Niliunganisha vipande, nikasoma mpaka mwisho wa ukurasa wa kwanza, nikageuza, nikakuta ukurasa wa tatu. Wa pili haukuwepo.

Niliingia katika ofisi ya walimu nikauliza wazi: "Nani ana ukurasa wa pili wa mchezo wa daraja? Umekatikia mahali pabaya."

Walimu wakatazamana. Kipkorir akaniuliza kama nimekunywa dawa yangu. Robert hakuinua hata macho, alikuwa anasafisha filimbi.

Nilipotoka nje mwalimu wa darasa la tatu alinifuata. Alikuwa Mwalimu Nyanchoka, binti wa watu wa upande wa Kisii waliokuja kuchuma chai katika mashamba makubwa, wakanunua kipande cha ardhi, wakabaki.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "ukurasa wa pili ninao mimi."

"Uliutoa msumarini?"

"Nazitoa kila Jumatatu kabla wengine hawajaingia. Ukurasa wa kwanza na wa tatu zilinishinda, mtu alikuwa anagonga mlango."

"Na watu wanatumia nini?"

"Naweka gazeti."

Nilicheka, na mimi si mtu wa kucheka ovyo. Nikampa ukurasa wa kwanza na wa tatu, naye akanisomea wa pili, tukiwa tumesimama nyuma ya tangi la maji kama watu wanaouziana pombe haramu.

Nyanchoka alimwomba Robert amwachie PE ya darasa lake.

"Chukua," Robert akamwambia. "Hao ni wadogo. Hawana faida."

Nyanchoka alisuka mipira kwa maganda makavu ya migomba. Aliufundisha mchezo ule jinsi ulivyoandikwa, kisha akaubadilisha, maana uwanja wetu umeinama kama paa. Timu inataka kupeleka mpira mpaka mstari wa juu. Lakini katikati ya kila timu amesimama mtoto mmoja aitwaye daraja, na mpira hauruhusiwi kuvuka mpaka upite mikononi mwake. Kwa hiyo hata ukiwa na mbio kama swara, usipojua kumrushia daraja mpira anaoweza kuudaka, mbio zako ni za bure. Cheptoo alikuwa daraja. Siku za mwanzo mpira ulimpita. Baadaye hakuna aliyeweza kumdanganya kwa mpira, na watoto waliokuwa wanampa masweta sasa waligombana juu ya nani atakuwa timu yake.

Wakati huo huo jambo kubwa lilikuwa linamjia Robert. Bi Audrey aliliandikia kundi lile kwamba angekuja Kenya kumtembelea mpwa wake, na angependa kuiona Mbinu ya Kericho kwa macho yake. Aliongeza kwamba chama cha walimu wa kwao kilikuwa kinatafuta mwalimu mmoja kutoka Afrika wa kuhudhuria kozi ya miezi miwili Kanada. Robert hakulisoma hilo. Aliambiwa na Akeyo.

Tangu siku hiyo aliitaka kozi ile kuliko alivyowahi kutaka mke. Alitangaza kwa kila mtu, sokoni Ndanai, kanisani, hata kwenye kituo cha kununulia majani, kwamba yeye anaenda Kanada. Watu wakaanza kumsalimia kwa mikono miwili. Asingepata nafasi ile angebaki kuwa mtu wa filimbi na kiti, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri kuliko yeyote.

Bi Audrey alifika siku ya jua. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye nywele nyeupe fupi na viatu vya kazi, na magoti yake, nilivyoona akishuka kwenye gari, yalikuwa mabaya kama yangu. Nikampenda kwa hilo.

Robert alikuwa amepanga watoto wa darasa la saba kwa mstari, vikapu mgongoni, majani yamechumwa tangu asubuhi ili vikapu vionekane vimejaa. Akapuliza filimbi. Watoto wakakimbia mpaka juu ya kilima na kurudi, majani yakimwagika njiani. Mtoto mmoja aliyeangukia kikapu chake alianza kuokota jani moja moja, maana nyumbani amefundishwa kwamba majani hayaachwi chini.

Bi Audrey alimsaidia kuokota. Kisha akamwuliza Robert, kwa upole, "Na wale wasioweza kukimbia, unawafundishaje?"

"Hapa kila mtu anaweza," Robert akajibu.

Yule mama akageuka kutazama upande mwingine wa uwanja, ambako darasa la tatu lilikuwa katika kipindi chake cha kawaida, kwa sababu Nyanchoka alikataa kukivunja. Akatembea kuelekea huko bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi tukamfuata, Kipkorir akimpepea kwa ratiba ya shule.

Alisimama akatazama. Mpira wa maganda ukaenda kwa Cheptoo, Cheptoo akaudaka juu ya kichwa chake, akaurusha mbele, watoto wakapiga kelele. Bi Audrey akaweka mkono kifuani.

"Huu ni mchezo wangu," akasema.

"Ndiyo," Robert akadakia. "Mimi ndiye niliwafundisha."

"Vizuri. Na yule msichana aliyesimama katikati, kazi yake ni nini?"

Robert akamtazama Cheptoo. Nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama tangu aondoke kwenye masweta.

"Amepumzika," akasema. "Mguu yake ni mbaya."

Wakati huo huo mpira ukarudi kwa Cheptoo, akaudaka.

Mwalimu wa kweli akisikia jibu baya hakimbilii kulicheka. Bi Audrey alimwendea Nyanchoka, wakazungumza mpaka kengele. Alimwuliza aliujuaje mchezo ule, na Nyanchoka, ambaye wazazi wake walimlea vizuri, akajibu kwamba aliupata katika karatasi za Mwalimu Robert. Lilikuwa jibu la kweli na la heshima, na Robert hakustahili hata nusu yake. Bi Audrey aliuliza kwa nini mstari uko juu na si chini, kwa nini daraja huwa wawili wakati mvua imenyesha. Aliandika mwenyewe majibu hayo mkononi mwake kwa kalamu, kama mtoto wa shule. Alipoomba anwani ya kompyuta, Nyanchoka hakuwa nayo. Robert akasogea.

"Tumia yangu," akasema. "Mimi nitamfikishia kila kitu."

Baada ya majuma kadhaa Robert alirudi kutoka Kericho akiimba. Barua ya Bi Audrey ilikuwa imekuja. Aliliona jina lake juu, akaona neno "furaha", akaona neno "hongera", akaona "kozi", na kama kawaida yake akamwambia Akeyo aitoe kwenye mashine. Aliitia ndani ya plastiki, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Kila aliyetaka kuiona alionyeshwa kichwa chake tu. Kipkorir alionyeshwa kichwa, akapeana mkono, akaitisha harambee ya tikiti ya ndege.

Nilimwuliza Robert, "Umeisoma?"

"Chairman, barua ya kompyuta si ya kusoma kama Biblia. Ukiona juu umeona yote."

Harambee ilifanyika katika uwanja wa shule. Watu walitoka Sotik, Ndanai na hata jamaa zake wa Kipkelion. Walileta kuku, ndizi, maziwa, sukari, kila kitu cha kunadiwa. Robert alivaa suti mpya. Mama yake, mwanamke mzee mnyamavu ambaye hajawahi kumdhuru mtu, aliketi mbele amepakata kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa sababu huku kwetu mtu anayekwenda au kurudi kwa heshima hunyweshwa maziwa hayo mbele ya watu. Nyanchoka alikaa nyuma na darasa lake. Alikuwa ameleta mchango wake kama wengine.

Sisi tuna desturi moja katika mambo haya. Barua ya ng'ambo husomwa na mtu mzima mbele ya umati kabla mkono haujaingia mfukoni, maana tumewahi kumchangia kijana aende Amerika akaishia Nakuru. Kipkorir akaniita. Robert mwenyewe alinikabidhi karatasi kwa mikono miwili, akitabasamu, na akasimama kando yangu ili picha ipigwe.

Nilivaa miwani. Nilisoma Kiingereza kwanza, kisha nikatafsiri kwa Kikipsigis, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wale wa upande wa Kisii.

"'Mpendwa Robert. Nina furaha kukuarifu kwamba kamati yetu imekubali kumleta mwalimu mmoja kutoka shule yenu kuhudhuria kozi ya miezi miwili. Hongera kwa shule yote.'"

Wanawake wakapiga vigelegele. Jogoo mmoja akajibu. Macho ya msomaji hutangulia mdomo wake, na nilipokuwa natafsiri aya hiyo macho yangu yalikuwa yameshafika chini. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema miwani imepata ukungu, nikamvuta Robert nyuma ya darasa, nikamwonyesha kwa kidole, naye angetafuta ugonjwa wa kusingizia. Mtu mwingine angefanya hivyo na kujiita mwenye busara. Lakini mimi nilifundishwa kusoma nikiwa mtu mzima, na nilifundishwa kwamba barua ina mwisho.

"Chairman, hapo panatosha," Kipkorir akasema. "Jua linaenda."

"Barua haijaisha."

"Hiyo ingine ni salamu tu," Robert akasema, na kunyoosha mkono.

"Salamu nazo zina mwenyewe," nikamjibu, nikaendelea.

"'Kwa kuwa Bi Nyanchoka hana anwani ya kompyuta, naomba wewe umfikishie habari hii, kama ulivyoahidi. Nafasi ni yake. Wenzangu walivutiwa sana na jinsi alivyoubadilisha mchezo wa daraja kwa uwanja wa mlima, na tungependa atufundishe.'"

Nikatafsiri kwa Kikipsigis. Nikatafsiri kwa Kiswahili. Sikuharakisha.

Nyuma huko mtu mmoja akasema, "Hata si mtu wa hapa."

"Nani amesema hivyo?" nikauliza.

Hakuna aliyekuwa amesema.

Nikasoma aya ya mwisho, iliyosema kwamba tikiti, chakula na malazi vyote vimelipwa na chama cha walimu, na kwamba mgeni wao asijitaabishe kwa lolote. Hapo mzee mmoja wa Ndanai aliinuka polepole, akaenda kwenye meza ya mnada, akamchukua jogoo wake, akamweka kwapani, akarudi kuketi naye.

"Ni kompyuta," Robert akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, akiinyoosha suti yake mpya. "Hizi mashine zinachanganya. Imechanganya barua mbili."

Nawaambia ukweli, kulikuwa na watu waliotikisa kichwa kukubali. Kipkorir alikuwa mmoja wao.

Mama yake Robert hajui Kiingereza, lakini alikuwa amesikia Kikipsigis changu vizuri. Aliinuka na kibuyu chake.

"Bethwel," akaniita, "mwenye kusafiri ni nani?"

"Ni mwalimu wa darasa la tatu, mama."

"Huyo anayemfundisha mtoto wa mguu?"

"Huyo."

Alikitazama kibuyu. Kilikuwa kimeshafunguliwa, na mursik iliyofunguliwa kwa safari hairudishwi nyumbani. Alimpita mwanawe bila kumgusa, akavuka uwanja mpaka nyuma, watu wakimpisha, akamnyooshea Nyanchoka kibuyu. Nyanchoka akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Kongoi, mama," akashukuru kwa lugha yetu, akanywa kama mtu aliyezaliwa nayo.

Nyanchoka alikwenda Kanada. Kwa miezi miwili ile darasa la tatu lilirudi mikononi mwa Robert. Siku ya kwanza alitoa kiti, akapuliza filimbi, akamwambia Cheptoo akalinde masweta. Cheptoo akaenda. Lakini watoto wengine walisimama tu uwanjani na mpira wao wa maganda. Robert akapuliza tena.

"Kimbieni. Mnangoja nini?"

"Daraja," mtoto mmoja akasema. "Bila daraja haiendi, mwalimu."

Alipuliza mpaka mashavu yakachoka. Mwishowe Cheptoo mwenyewe aliacha masweta, akaenda kusimama mahali pake, na mchezo ukaanza bila filimbi.

Mngedhani mtu huyo angeona haya. Jumamosi iliyofuata alikwenda Kericho akaliandikia kundi lake kwamba mwalimu mmoja ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemlea na kumfundisha Mbinu ya Kericho, amechaguliwa kwenda Kanada. Walimu wa dunia wakampongeza. Barua zikawa nyingi kuliko wakati wowote. Zikakaa ubaoni wiki nzima, watu wakinywa chai chini yake, kisha zikakatwa kwa rula na kupelekwa kunakojulikana.

Siku ya mkutano wa kamati niliingia chooni nikazikuta. Nyanchoka hakuwepo wa kuzitoa. Nikazisoma zote, maana lazima mtu mmoja azisome. Hongera, hongera, hongera. Katikati ya hongera hizo, mwalimu mmoja wa Malaysia alikuwa ameuliza, mistari minne tu, kama kuna yeyote anayejua jinsi ya kumfundisha mtoto asiyeona kurusha mpira. Chini yake walikuwa wameanza kumjibu.

Nilizikunja karatasi hizo nikazitia mfuko wa ndani wa koti, pamoja na miwani. Kisha nikatundika gazeti.